Plizi ya Getini

Atoo alinikuta dukani nikipima iliki. Badala ya kunisalimu, akaegemea kaunta akaniuliza, "Mama Rayyan, hii plizi ni kitu gani hasa?"

Nilicheka mpaka nikamwaga iliki. Mwanamke mzima, kavaa sare ya ulinzi na mabuti ya kupasulia mawe, anauliza maana ya please! Nikamwambia plizi ni tafadhali, na tafadhali hata mtoto mdogo wa Nateete anaijua, ingawa hajawahi kuitumia.

"Hiyo najua," akasema. "Mimi nauliza kazi yake. Nikisema fungua, mtu nafungua. Nikisema plizi fungua, mtu nafungua. Sasa plizi iko nafanya nini pale mbele?"

Mimi, Mwanawetu kwa jina, babu wa babu yangu alikuja Buganda na misafara ya pwani, ana shanga zake na Kiswahili chake safi, na sisi wajukuu tumekitunza Kiswahili hicho kama sahani za wageni. Kampala hii imejaa Kiswahili cha bunduki, hakina mwanzo wala mwisho, na mimi ndiye ninayekirekebisha hapa mtaani bila kuombwa na mtu. Leo naulizwa tafadhali inafanya kazi gani, nakosa la kusema. Nilikasirika. Nikamwambia angoje kwanza nimhudumie mteja, na mteja mwenyewe hakuwepo.

Atoo na baba yake, Mzee Oyat, ni majirani zangu, tunagawana ukuta. Mzee ni Mwacholi, sajini mstaafu. Mkewe alikwisha fariki. Binti huyu kazaliwa kambini, kakulia kambini, na Kiswahili alichonyonya ni kile cha paredi: simama, geuka, leta, toa. Miaka mingi baba yake ndiye aliyeshika geti la kambi, na wastaafu wenzake wakija kumwona hawaondoki bila kusimulia ile siku mkewe alipotoka sokoni na sufuria ya viazi vitamu kichwani, akakuta neno la kupitia getini limebadilishwa tangu asubuhi. Sajini akamwambia, simama hapo. Mke akasema, Oyat, mimi ni mke wako. Sajini akasema, getini hapana mke. Mama wa watu akasimama juani na viazi vyake mpaka zamu ikabadilika. Wazee husimulia hayo wakijipiga mapaja kwa kicheko, na Mzee Oyat hukaa kimya, lakini unamwona kabisa amefurahi.

Sasa ugonjwa wa sukari umemla. Jicho moja halioni, na mguu wa kushoto umekufa ganzi, ukiukanyaga hajui. Choo chetu kiko upande wa pili wa ua, na katikati ya ua unapita mfereji wa maji machafu ambao mwenye nyumba anaahidi kuufunika tangu mimi sijaolewa. Msimu wa mvua uliopita Mzee alitoka usiku peke yake, akaanguka mle, akalala maji yakimpitia mpaka Atoo aliposhtuka akaona kitanda kitupu. Hakuita. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta, ningemsikia hata akikohoa. Kesho yake nilimuuliza kwa hasira kwa nini hakuita mtu. Akanitazama kwa jicho lake zima.

"Naita," akasema, "halafu nasema nini?"

Tangu hapo Atoo hutandika mkeka karibu na mlango. Baba akijitikisa tu, binti yuko macho, anamfuata nyuma uani akijifanya naye ana haja zake. Mzee anajua. Hawajawahi kulizungumza.

Kwa hiyo jambo la plizi halikuwa mchezo. Supamaketi ya Ntinda anakolinda geti ilikuwa imepata meneja mpya, Sadik, kijana wa Kiganda aliyefanya kazi Nairobi akarudi na Kiswahili cha huko na mawazo ya huko. Aliwakusanya walinzi akawaambia wateja wamechoka kufokewa kama wafungwa. "Kuanzia leo, kira neno lianze na plizi," akasema, kwa ile r ya Kiganda. "Kira neno." Mwisho wa mwezi angesimama getini mwenyewe asikilize. Atakayeshindwa atahamishiwa kwenye magodauni, zamu ya usiku.

Usiku, maana yake Mzee Oyat na mfereji, wawili peke yao.

"Si umweleze meneja habari za baba yako?" nikamwambia. "Ni mtu, ataelewa."

"Nimweleze nasema nini?" Atoo akauliza, sauti ile ile ya baba yake. "Plizi?"

Nikaona hapa hakuna njia ila kumfundisha. Jioni, duka likifungwa, tukawa tunakutana uani. Mimi gari, yeye geti. Wahenga walisema mzoea vya kunyonga, vya kuchinja hawezi, na siku ya kwanza nilimwona mnyongaji kwa macho yangu. Alisimama, akabana visigino, akavuta pumzi. "PLIZI! FUNGUA BUTI!" Kuku wa jirani wakaruka ukuta.

Mzee Oyat akatoa kichwa mlangoni. "Nani amekamatwa?"

"Hakuna, Baba. Nafanya mazoezi."

"Mazoezi ya nini?"

"Ya plizi."

Mzee akafikiri. "Plizi ni neno ya mtu amekwisha shikwa," akasema. "Kambini nilisikia sana. Mtu nasema plizi afande, plizi afande, na mlango iko nafungwa. Wewe iko na geti. Mtu iko na geti naomba nini?"

"Heshima si utumwa, Mzee," nikamwambia.

"Heshima najua. Mkubwa nakuja, nasimama, napiga saluti. Hiyo heshima. Sasa plizi ni nini?"

Mara ya pili nikaulizwa, na huyu wa pili ni mtu anayesema neno ya! Nikajifanya nasikia simu inaita ndani.

Tuliendelea hivyo hivyo. Nilimwambia Atoo ashushe sauti, ainamishe kichwa kidogo, atabasamu. Alitabasamu, na nikamwambia tabasamu tuliache kwanza. Taratibu sauti ikalainika. Siku moja aliniambia "plizi, fungua buti" kwa namna iliyonifanya nitake kumfungulia hata sanduku la dhahabu ya marehemu mama yangu. Asubuhi nikamsindikiza kwa dua, akaenda Ntinda.

Jioni alirudi na mfuko, akaumwaga kwenye kaunta yangu. Kichane cha ndizi bogoya. Soda iliyonywewa nusu. Chapati mbili ndani ya gazeti.

"Umeenda sokoni?"

"Wamenipa," akasema. "Mimi sikuomba kitu. Nasema plizi fungua buti, mtu nafungua, naangalia, nasema asante. Mtu natoa ndizi. Naniambia, pole, nnyabo, pole mama, vumilia."

Hapo nikaelewa, na nikajiona mjinga kwa kutolifikiria mapema. Kampala hii nani hajui? Mlinzi mkali ni mlinzi. Mlinzi akianza kukubembeleza, ana njaa, anataka chai. Watu hawakusikia adabu ya Nairobi, walisikia tumbo. Na mmoja alisikia mengine kabisa, akaandika namba yake ya simu kwenye mkono wake Atoo kabla hajaunyakua.

"Na aliyekataa kufungua, hakuna?"

"Iko. Mama mmoja na gari nyeupe. Nilimwambia plizi fungua buti. Akasema, hapana, asante. Akapita."

"Akapita?"

"Alidhani nauza kitu."

Nilicheka peke yangu. Atoo alikuwa anazipanga zile chapati moja juu ya nyingine, anazipangua, anazipanga tena.

Haikuchukua muda, Sadik akamwita ofisini. Mteja kalalamika kwamba mlinzi wa getini anaombaomba. Atoo akajieleza, plizi uliisema wewe, mimi naisema, watu wananipa vitu. Sadik akaushika uso wake mwenyewe kwa mikono miwili. "Plizi, Atoo," akasema. "Plizi. Usinichoshe."

Alinisimulia hayo akiwa amekaa juu ya gunia langu la mchele, kitu ambacho simruhusu mtu. "Ile plizi yake," akasema, "haikuwa ya kuomba. Ilikuwa kama mtu nafunga mlango. Sasa iko ngapi, Mama Rayyan? Nikipaza sauti, mimi mkali. Nikishusha, mimi ombaomba. Meneja akisema yeye, mimi natoka ofisini mbio. Neno ni ile ile. Mimi sielewi. Nielekeze."

Tangu siku ile nikawa kama mtu aliyeambiwa ahesabu pumzi zake, akashindwa kupumua. Kila plizi iliyopita dukani niliisikia. Msichana aliyetaka nimwongezee bizari kidogo aliivuta mpaka mwisho wa mtaa: pliiizi, Mama Rayyan. Mwanangu Rayyan, nilipomuuliza kwenye simu kama amekula, alisema, "Mama, plizi," na maana yake ilikuwa ninyamaze, rafiki zake wanasikia. Bibi mmoja wa magari aliyemkuta mchuuzi wa soksi mlangoni pangu alimwinulia kiganja usoni. "Pliz!" Hiyo ilikuwa tusi, na ningekuwa mimi huyo mchuuzi ningemrushia soksi.

Nikajigeukia mwenyewe. Mimi mlinzi wa Kiswahili safi, tafadhali namwambia nani? Nikagundua namwambia mteja nisiyempenda: tafadhali usishike vitambaa kwa mikono ya mafuta. Namwambia mtu wa umeme. Marehemu mume wangu sikumwambia hata siku moja. Mama yangu ningemwambia tafadhali nipe chumvi, angeweka kijiko chini aniulize tumegombana lini. Nyumbani kwetu tulisema nipe, lete, shika, na tulipendana sana. Sasa nani mwenye adabu, sisi au meneja? Nililala na swali hilo nikaamka nalo.

Mwezi ukakaribia kuisha. Otema, mlinzi mwenzake Atoo, alikuwa tayari ameshatupwa godauni, kwa sababu kila akisema plizi alicheka. Atoo alikuwa hali vizuri. Mimi siwezi kukaa na jambo kifuani, watu wote wa Nateete wanajua. Asubuhi moja Atoo alipokwisha kwenda kazini, nikabisha kwa Mzee nikamweleza yote: meneja, godauni, zamu ya usiku, na kwamba leo ndiyo siku ya meneja kusikiliza.

Mzee alikuwa anakunywa uji. Akaumaliza wote. "Usiku," akasema.

"Usiku, Mzee."

Alitazama nje, kule uani. "Nipeleke," akaniambia.

Nilifunga duka, nikakodi gari. Mzee alitoka amevaa koti lake jeusi la sherehe katika jua lile, limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni. Njia nzima alikuwa anafanya mazoezi, midomo inacheza. Tulipokwama kwenye foleni nikamsikia vizuri. "Kijana. Atoo anabaki mchana. Kwisha." Anaanza upya. "Kijana. Atoo anabaki mchana. Kwisha."

"Ni nzuri, Mzee," nikasema. "Lakini ungeweka tafadhali kidogo hapo mbele."

Aliendelea, ila nikaona sasa anasimama kabla ya kuanza, kama mtu aliyeona shimo njiani.

Ntinda ilikuwa imejaa kama kawaida yake. Kwenye geti la waendao kwa miguu watu walipanga mstari, na Atoo kasimama na kile kifimbo chao cha kupima vyuma, anapitisha kwa kila mtu. Hakujua kama tunakuja. Pembeni yake, mikono nyuma, amesimama kijana wa shati la samawati aliyechongwa ndevu vizuri. Sikuhitaji kuambiwa ni Sadik. Tulipanga mstari. Nilimsikia Atoo: plizi nnyabo, fungua mkoba, asante. Plizi ssebo, toa funguo, asante. Sauti haikuwa ya kupiga kelele wala ya kuomba. Ilikuwa bapa, kama anasoma namba za magari, na Sadik alikuwa anatikisa kichwa kukubali.

Kisha akainua macho, baba yake yuko mbele yake.

Mimi nilikuwa nyuma ya Mzee, niliuona uso wa binti. Kitu kilipita, kikaisha. Akapitisha kifimbo kwenye koti. Kikalia.

Nchi hii bado ina watu wanaojua kwamba mtoto hamwambii baba yake avue nguo mbele za watu. Nilitaka kupiga kelele, mwache, ni babako huyo! Mzee akarudisha mkono nyuma kidogo, kiganja wazi, ile ishara ya askari ya kumwambia aliye nyuma atulie. Nikatulia.

"Plizi, ssebo," Atoo akasema. "Fungua koti."

Ssebo. Bwana. Kama mtu yeyote aliyeshuka kwenye teksi.

Mzee Oyat alifungua kifungo kimoja kimoja, vidole vyake havina nguvu, na watu nyuma yetu wakaanza kuguna. Ndani, kwenye shati kuukuu lililotoboka kwenye ukosi, alikuwa amebandika nishani yake moja. Ndiyo iliyokuwa inalia. Atoo akaipitishia kifimbo tena, ikalia tena. "Asante, ssebo," akasema. "Pita."

Mzee akapita hatua chache akasimama mbele ya Sadik. Koti liko wazi, vifungo vinaning'inia. Visigino vikakutana, mkono ukainuka. "Kijana," akaanza.

Nilikuwa naijua iliyobaki, ningeweza kumsomea. Lakini Mzee aligeuza kichwa akamtazama Atoo, na Atoo alikuwa anatazama mkoba wa mtu mwingine, taya limekaza. Sijui Mzee aliona nini. Mimi nadhani aliona kwamba akisema huyu ni binti yangu, amelivunja lile geti. Sina hakika. Midomo ikacheza, amri ikakataa kutoka, na kilichotoka ni neno moja tu, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Plizi."

Basi. Hakukuwa na la pili.

Sadik alimtazama: mzee kipofu nusu, shati limetoboka, mkono wazi umesahauliwa hewani. Uso wake ukaingiwa na huruma, huruma ya kweli kabisa. "Pole, mzee wangu," akasema. "Ngoja hapo hapo." Akaingia ndani, akatoka na mkate mzima ndani ya kavera, mfuko wa plastiki, akaushika kwa mikono miwili kama inavyompasa mtu mwenye malezi, akauweka kwenye mikono ya Mzee Oyat. "Utakula na chai."

Laiti angeutupa! Laiti angekuwa mkorofi, nilikuwa na matusi ya Kiswahili safi ya kutosha mpaka jioni. Lakini alikuwa mpole, na mtu mpole utamtukana vipi? Hata hivyo nilianza. "Wewe kijana, unajua huyu ni..."

"Mama Rayyan," Mzee akasema. "Twende."

Tukageuka. Nyuma yetu nikamsikia Sadik akimwambia Atoo, kwa furaha ya mwalimu aliyeona mwanafunzi wake amefaulu, "Umeona sasa? Hata mzee maskini unampa heshima yake. Hiri ndiro nirikuwa nasema. Wewe unabaki hapa, mchana."

Mzee alisikia. Hatua yake ilisita kidogo, ikaendelea.

Ndani ya gari aliuweka mkate mapajani, mikono miwili juu yake. Tukavuka mjini. Kisha akaniuliza, "Mama Rayyan, mimi niliomba nini?"

"Ulitaka Atoo abaki mchana."

"Wamenipa?"

"Wamekupa, Mzee. Ulisikia mwenyewe."

Akaubonyeza mkate kidogo, ukarudi juu. "Sasa mkate ni ya nini?"

Niliangalia dirishani. Machozi yalikuwa yananitoka na nilikuwa na hasira nayo, kwa sababu sikujua ni ya furaha au ya nini. Ningemwambia kwamba ni kwa sababu ya lile neno, angeniuliza tena lile neno linafanya nini, na mimi nilikuwa nimechoka kulifikiria.

Jioni Atoo alirudi, lakini hakuingia ndani. Alisimama uani karibu na mfereji, amevua kofia anaikunja kama kitambaa cha vyombo. Mzee alikuwa amekaa mlangoni kwake, nami nilikuwa nimewaletea birika la chai, maana ningekaa kando ningepasuka.

"Baba," Atoo akasema, akaanza kupiga magoti.

"Simama."

Akasimama.

"Ulinijua?"

"Nilikujua."

"Lakini hukunijua."

"Getini..." Akaikunjua kofia. Akajaribu tena. "Getini hapana baba."

"Sawa," Mzee akasema. Akavuta kikombe chake akanywa, nikadhani yameisha. "Mama yako alinikasirikia wiki mzima. Ile ya viazi. Mimi kila siku nasema, kwa nini? Mimi nilifanya kazi, yeye anakasirika." Akasugua nishani kwa kidole gumba. Ilikuwa bado pale kwenye shati. "Leo nimejua kwa nini."

Atoo akalia. Hakulia kistaarabu, alilia kwa kelele kama anavyofanya mambo yake yote, na mimi nikamsaidia. Mzee hakumwambia anyamaze. Akafungua kavera, akakata mkate kwa kisu chake, vipande vinene visivyo sawa, akatunyooshea. "Kula," akasema. Hakuna aliyeutaka mkate ule. Tuliula, kwa sababu mkate ni mkate, na ulikuwa laini.

Adhana ya magharibi ilipoanza niliinuka nikatawadhe, na Mzee akajisogeza kwenye kiti kama anavyofanya akitaka kwenda ng'ambo ya ua. Nilimjua. Sasa ataushika ukuta, ataukokota mguu wake, na Atoo atakumbuka ghafla kwamba naye ana haja. Atoo alikwisha anza kutafuta kandambili zake.

Mzee hakushika ukuta. Alikaa pale akiutazama mfereji.

"Atoo!" akaita, kwa sauti ya paredi iliyowafanya watu wa vyumba vyote vya ua wageuze shingo.

"Ndiyo, Baba!"

"Mkono! Leta!"

Atoo alibaki ameduwaa na kandambili moja mguuni. Kisha akaja mbio, akampa mkono, na Mzee akaushika. Nilisimama na kikombe changu nikisubiri kama ataongeza neno, mbele au nyuma. Hakuongeza. Waliuvuka mfereji polepole, mzee akimgombeza binti asimvute.